Mama Dorine Lombe, Mwenye Alienda Kwabo Bila Kutoka Katuba

Bandugu, barafiki, bamama ba shirika, na ninyi bote mwenye mumeacha kazi ya leo juu ya kutusindikiza mpaka hapa, asanteni. Hii tunasoma iko maisha ya Mama Dorine Lombe. Familia ilikubali tuyasome vile yalikuwa, bila kupakaa mafuta juu. Kama tungemusifu kupita kipimo, yee mwenyewe angeamuka mu sanduku na kuuliza: "Ule mama munaeleza vile iko nani? Anaikala fasi gani?" Juu wivu, bandugu, Mama Dorine alikuwa nayo. Hakuificha. Alikuwa anatembea nayo ku soko, ku misa, fasi yote, sawa vile bengine banatembea na parapluie ya mvula.

Alizaliwa ku Mitwaba, tarehe 14 mwezi wa tatu 1968, mutoto wa kwanza wa Papa Lombe, mwalimu, na Mama Marie-Thérèse, mwenye alikuwa analima mihogo na karanga. Miaka mine kisha, mudogo yake Virginie akazaliwa. Mama yabo alikuwa anaeleza mara na mara vile Dorine alimuangalia ule mutoto mu mikono, akazunguka upande ingine, akamuangalia tena, kisha akauliza: "Huyu mugeni atarudia kwabo lini?" Balicheka sana. Lakini maisha ilijibu kingine: mwenye alitoka ku Mitwaba alikuwa Dorine.

Masomo ya primaire alimaliza paka kule, mu kalasi ya baba yake, mwenye alikuwa anamupiga kupita batoto ba bengine juu bantu basiseme anamupendelea. Mu 1981 baba mudogo yake alimuleta hapa Lubumbashi juu asome couture kwa bamasœur. Alifika mu camion, juu ya magunia ya mahindi. Siku ya kutoka, Virginie alikuwa anasimama pa mulango na kanzu ya Dorine ku mwili. "Hakungoja hata camion ikate kona." Njo vile Mama Dorine alikuwa anasema, na alisema vile miaka makumi ine.

Hakurudia tena ku Mitwaba. Si juu hakupenda. Mara mbili alifunga mizigo: mara ya kwanza mvula ilikata njia, mara ya pili vita. Baba yake alifwa kule mu 1998, mama yake mu 2002, na Virginie njo aliwazika bote wawili, kisha yee naye akakimbilia hapa na batoto. Mama Dorine alimupokea. Alimupa kitanda, alimupa bitenge, alimupa na fasi ya kupikia. Lakini siku moja banachagua muchele, akamuambia bila kuinua macho: "Weye ulibawekea udongo na mukono yako. Miye nilisikia mu kinywa ya chauffeur." Virginie akaendelea kuchagua muchele. Ile wivu haikukuwa ya kanzu tena.

Kazi yake munaijua, juu nusu ya bantu beko hapa bamevaa mikono yake. Toka 1989 alikuwa anashona pa baraza ya nyumba, hapa Katuba, na mashini ile ya miguu. Alishona bitenge ya kwaya, ya bamama ba shirika, ya ndoa na ya kilio. Kama mu misa aliona blouse muzuri yenye hakuikata yee, ile siku Injili ilimupita. Alikuwa anainama kwa binti yake Bénie na kumuuliza polepole: "Ile shingo, ni nani aliikata? Angalia vile inavuta. Mwezi mbili tu itapasuka." Haikupasuka. Na alikuwa anaijua.

Tarehe 20 mwezi wa saba 1991 aliolewa na Papa Symphorien Kalenga, mwenye alikuwa mécanicien wa mutoka, mutu wa maneno kidogo. Ku photo ya ndoa, ile iko mu salon mpaka leo, mutaona Papa Symphorien, mutaona Mama Dorine, na pembeni mutaona mukono moja na mufuko, bila mutu. Ule alikuwa témoin, musimamizi wa ndoa. Mama Dorine alimukata na makasi ya couture wiki ile ile, juu alisema alisimama mbele sana na alicheka kupita mwenye kuolewa. Papa Symphorien aliporudia ku kazi akauliza mutu ameenda wapi. "Aliitwa," Mama Dorine akajibu, na akamupa chakula. Mungu aliwapa batoto batatu: Bénie, Doudou, na Marie-Thérèse mwenye anabeba jina ya nkambo yake.

Sasa tufike ku ile safari, juu bengi mulikuya hapa juu yake, na bengine mumeisemea vibaya.

Kisha Pasaka ya mwaka huu, 2025, Papa Mumba, kiongozi wa shirika, alisimama mbele ya bantu na kusema: "Tutatembea toka Lubumbashi mpaka Mitwaba." Mama moja akapiga kelele: "Na batoto tunaachia nani?" Papa Mumba akaeleza. Hakuna mutu atatoka. Kila magaribi, mwenye anapenda atazunguka hapa hapa: toka pa kanisa mpaka ku soko ya Kenya, commune ya jirani, na kurudia. Kilometa zake zitahesabiwa, na ku karte kubwa yenye alibandika ku ukuta ya salle, shindano ya kushonea yenye jina yake itasogea ku njia ya kweli: Likasi, Lwambo, kuendelea, mpaka Mitwaba. Bandugu na ba-client ya kila mutembezi batatia kintu mu sanduku, juu ya kununua bitanda na matelas ya maternité moja ya kule, fasi bamama balikuwa banazalia chini.

Na Papa Mumba akaongeza kintu kimoja, na hii kimoja njo ilileta mambo yote. Akasema kama mutembezi anafika fasi fulani ku karte, bantu ba ile fasi mwenye banaikala hapa bamupokee vile mugeni anapokelewa: maji ya mikono, chakula, na bamuulize habari ya njia.

Mama Dorine alicheka. "Kutembea Kenya na kusema niko Likasi! Mukipenda kucheza, muende kucheza na batoto." Akarudia ku mashini yake.

Wiki moja kisha, Bénie alirudia toka ku salle na akamuambia nani iko mbele ku karte. Alikuwa Mama Mbambu. Munamujua bote, iko pale na kitambaa nyeusi: mama ya Yannick, mwenye anauzisha bitenge kwa jumla, bwana yake Muhindo ana camion ku njia ya Kasumbalesa. Kwabo ni Butembo. Miaka yote Mama Dorine alikuwa ananunua bitenge kwake, anamusalimia muzuri, na akifika ku nyumba ya ule mama anahesabu maua ya pazia ya dirisha yake.

"Iko mbele kufika wapi?" Mama Dorine akauliza.

"Kufika Mitwaba, mama. Amekwisha kukata nusu ya njia ya Likasi."

Mashini ikasimama. "Ule mama wa Butembo? Mwenye hajaone hata kuku ya Mitwaba? Aingie kwetu mbele yangu, bamupe maji, bamupe munkoyo ya kunywa, na miye niko hapa nashona tundu ya bifungo?"

Papa Symphorien, chini ya mutoka yenye alikuwa anatengeneza, akasema: "Si ni karte tu?"

"Karte ya kwetu!"

Magaribi ile ile alivaa bisabato ya Doudou, akaweka karatasi mbele ya bidole juu bilikuwa bikubwa, akatoka. Munganga wake, mwenye alikuwa anamufwata juu ya tension ya damu toka miaka mingi, alikuwa amemuambia atembee, lakini polepole. Kutembea alikubali. Ile neno ingine hakuisikia.

Bantu ba Katuba mulimuona. Alikuwa anapita na pagne imefungwa juu, hasalimie, juu kusalimia kunapoteza pumuzi. Kama aliona Mama Mbambu mbele, alikuwa anaongeza mbio. Kama Mama Mbambu aligeuka, Mama Dorine alikuwa anajifanya anaangalia bei ya nyanya. Ku Likasi, bantu ba Likasi bakamupokea na chai na mikate, mu lupango moja hapa nyuma, na bakamuuliza habari ya njia vile inaombwa. Akajibu: "Njia iko muzuri, paka kuko bageni mingi." Ba client yake balikuwa banatia mu sanduku kupita ba client ya bengine, juu kila mwenye alikuya kuchukua robe aliambiwa kwanza: "Maternité ni ya kwetu. Unapenda bamama ba kwetu bazalie chini? Haya, tia."

Lakini Mama Mbambu alikuwa mbele paka. Yee naye si mutu wa kulala.

Kisha Lwambo kuko mutoni. Shindano ya Mama Mbambu iliuvuka Jumanne. Jumatano Mama Dorine aliingia mu salle na jasho yake, akasimama mbele ya karte, akaita comité.

"Huyu amevuka na nini?"

Papa Mumba hakufahamu. "Kuvuka nini, Mama Bénie?"

"Mutoni! Miye nilipita pale mu 1981, najua vile iko. Hapana daraja ya kutembea vile ku marché. Kuko bac, ile chombo ya kuvusha bantu na camion. Bac inangojwa. Inaweza kukaa upande ule siku mbili, mwenye bac amekunywa. Yee amengoja wapi? Alilipa nani?"

Bantu bakaanza kucheka. Mama Mbambu, mwenye alikuwa anaikala na kunywa maji, akasema: "Mama Bénie, mi nilipita juu ya makaratasi."

"Basi ingia Mitwaba ya makaratasi! Ya kweli utangoja bac!"

Munazania comité ilimufukuza? Hapana. Baliikala chini mupaka giza, bantu bakubwa, banabishana ya bac. Mumoja akasema mu mwezi wa tano maji iko bado mingi. Mwingine akasema saa hizi kuko daraja. Batatu balizaliwa ku ile njia, na kila mutu na mutoni yake. Mwisho, Papa Mumba akakata: Mama Mbambu angoje siku tatu pa maji, na alipe bac mu sanduku ya maternité. Mama Mbambu alilipa. Na siku tatu zile aliikala pa mulango ya depot yake ya bitenge, anaangalia Mama Dorine anapita na bisabato bikubwa, anapita tena.

Siku ya nne, Mama Dorine naye akafika pa mutoni, na akavuka bila kungoja. Mama Mbambu akakuya mbio ku salle. "Na weye? Na weye ulivuka na nini?"

"Na mutumbwi ya nkambo yangu."

"Nkambo yako alikufwa zamani!"

"Mutumbwi haukufwa."

"Ni wivu tu, Mama Bénie."

"Ndiyo, ni wivu. Sasa?"

Comité haikuwa na nguvu ya kubisha tena. Toka siku ile Mama Dorine alikuwa mbele. Bénie anasema ile mwezi mama yake alikuwa anaimba pa mashini, kintu hajasikia tangu ndoa ya Doudou. Kila asubui alikuwa anamuambia Virginie: "Mudogo, ukisikia harufu ya moto ya bantu banachoma nyasi, jua niko karibu." Na Virginie, mwenye alijua ile njia kupita bote, alikuwa anamuambia fasi gani kuko muti ya matunda, fasi gani banauzisha karanga pa njia, na pa upande gani ya mugini makaburi ya baba na mama iko. Ile mambo hayakusemwa mu lupango ile miaka makumi mbili. Yalisemwa sasa, mu kutembea.

Katikati ya mwezi wa saba, miguu yake ilianza kuvimba. Aliificha na soksi. Tarehe 17 alianguka pa baraza. Munganga alisema ni moyo, alisema kitanda, na alisema kutembea imekwisha. Ku karte, shindano yake ilisimama mugini moja tu mbele ya Mitwaba.

Hapa tutasema wazi, juu tulisikia maneno ku kilio. Bengine mulisema ni mashindano na Mama Mbambu yalimuua. Hapana. Munganga alieleza Papa Symphorien mbele ya batoto: ule moyo ulikuwa umechoka toka zamani, na ungechoka hata pa mashini. Mwenye anapenda kubisha, abishe na munganga.

Mu hôpital kintu alikuwa anauliza kila asubui, mbele ya kuuliza dawa, ni: "Ule iko wapi?" Batoto balimudanganya. Balisema Mama Mbambu ameenda Kasumbalesa ku biashara, hatembee tena. Siku moja Mama Mbambu mwenyewe akaingia, na machungwa, bila kujua uongo ya batoto. Bénie alikuwa anamufanyia alama na macho, lakini yee hakuone.

"Mama Bénie, pole. Niko nyuma yako kidogo tu."

Mama Dorine akageuka kwa batoto, akabaangalia mumoja mumoja. Kisha akasema: "Unaingia lini?"

Bote balingojea aseme atamungojea. Mutu mwingine angesema vile, hata kama ni uongo. Mama Mbambu akachubua chungwa. "Jumapili. Siwezi kukudanganya. Mi sijue kungoja, na mara moja ulinifundisha, ilinichosha."

"Toka," Mama Dorine akasema. "Na machungwa yako, acha."

Ile siku alisimama peke yake mara ya kwanza. Alimuomba infirmière amuache atembee mu couloir, ile njia katikati ya byumba, na alimutuma Doudou kwa Papa Mumba kuuliza kama couloir inahesabiwa. Papa Mumba alijibu inahesabiwa. Alitembea na mukono ku ukuta, mpaka pa dirisha na kurudia, anapumuzika ku kila mulango. Jumamosi munganga akamukataza. Mama Dorine akalala, akaangalia ukuta. "Ataingia," akasema. "Ataingia kwetu na miye niko huku, sawa siku ile ya camion. Siku yote kuko mutu pa mulango ya kwetu na si miye."

Jumapili, tarehe 27 mwezi wa saba, kisha misa, Mama Mbambu alifika Mitwaba. Salle ilijaa. Basi balitafuta bantu ba Mitwaba bamupokee vile desturi inaomba. Virginie alikuwa amepika, munkoyo ulikuwa tayari, beseni ya maji pale. Lakini Virginie alisimama na beseni, hakumupelekea mugeni.

"Siwezi," akasema. "Mugeni anapokelewa na binti mukubwa wa mugini. Miye niko mudogo. Mukubwa yangu iko ku hôpital."

Papa Mumba akasema: "Mama Virginie, leo tu..."

"Hapana. Kanzu nilichukua. Hii siichukue."

Balibeba nyungu. Balibeba beseni, bukari, samaki, munkoyo, na bantu nyuma, Katuba nzima banazania ni ndoa. Mulinzi wa hôpital alikataza, kisha akaonja, kisha akafungua. Infirmière alimutosha Mama Dorine inje, mu cour, mu kiti, na kanzu ya hôpital na foulard Bénie alimufunga. Alipoona ule mulongo ya bantu, uso ikafunga: alizania balikuya kumuonyesha mwenye amemushinda.

Virginie akamuwekea beseni ku magoti. Mama Mbambu akakaribia, akainamisha magoti kidogo, vile mugeni anafanya, akatosha mikono mbele. Mama Dorine akaiangalia ile mikono wakati murefu. Siye mwenye tulikuwa pale tunaweza kusema: hatukujua kama atamwanga maji chini.

Kisha akamumwangia maji ku mikono, polepole, na akasema na sauti yenye bote balisikia: "Karibu kwetu."

"Asante, mama."

"Habari ya njia?"

"Njia iko murefu. Na bac inachelewa."

Bantu bakacheka. Mama Dorine hakucheka bado. Akamupa munkoyo na mikono mbili. Kisha akafikiri, na tuliona wivu inatoka ku uso yake sawa homa inashuka, akasema: "Mama Yannick, angalia vile iko. Weye umeingia. Miye siingie. Mutu haingie kwabo. Miye nilikuwa kule, nakungojea."

Alikunywa yee naye kikombe nzima. Alisema samaki ya Virginie ilikosa chumvi, na akaomba ingine.

Tarehe 7 mwezi wa munane, Alhamisi, saa tatu ya asubui, Mama Dorine Lombe aliaga dunia mu mikono ya bwana yake, na miaka makumi tano na saba. Bitanda biko mu camion ya Papa Muhindo. Bitatoka kisha kilio, ku njia ya kweli. Virginie atapanda pamoja nabyo. Atachukua udongo kidogo ya hii kaburi, na atauweka pa makaburi ya baba na mama.

Ameacha bwana yake Papa Symphorien Kalenga; batoto bake Bénie, Doudou na Marie-Thérèse; bajukulu sita, mwenye kila mumoja aliambiwa iko yee njo anapendwa kupita; mudogo yake Virginie; na bamama ba shirika. Jana asubui Mama Mbambu alikuya ku lupango kuomba jina yake iandikwe pia. Papa Symphorien akamuuliza iandikwe kama nani, juu haiko ndugu wa damu, haiko ndugu wa ndoa. Akasema: "Muniweke pa mwisho, lakini muniweke." Basi: na Mama Mbambu.

Bwana Mungu amupokee muzuri mutumishi wake Dorine. Na kama ku mulango ya mbingu kuko mulongo, tunamuomba na heshima, amufungulie haraka, mbele hajaanza kuangalia nani iko mbele yake. Alale na amani.